Ngome Zisizo na Ukuta: Jinsi ya Kupima Urithi wa Ufuko wa Nyasa

Mhadhara kwa walimu, wanafunzi na wakazi wa Mbinga na Nyasa

 

Mada niliyopewa ni ngome za mito za dola ya Mughal na namna ya kupima thamani yake ya urithi. Najua kuna mwanafunzi hapa anayejiuliza Mughal na Umatengo wanahusiana nini. Nami nilijiuliza hivyo hivyo nilipopewa kazi hii. Nitaanzia huko Bengal, ila sitakaa sana. Ninakotaka tufike ni Liuli, kwenye ufuko wetu wa Nyasa.

Mwaka 1610 gavana wa Mughal aliyeitwa Islam Khan aliifanya Dhaka kuwa makao makuu ya jimbo la Bengal. Nchi ile ni tambarare iliyokatwakatwa na mito, na msimu wa mvua ukifika huwezi kujua mto unaishia wapi na shamba linaanzia wapi. Maji yale yaliwaletea watu balaa. Maharamia kutoka Arakan, pamoja na Wareno waliokuwa nje ya mamlaka ya wakubwa wao wa Goa, walipanda mito kwa mashua za makasia, wakavamia vijiji usiku, wakakamata watu na kwenda kuwauza utumwani. Karne ya 17 watawala wa Dhaka walijibu kwa matofali. Katika njia ya maji ya kuingilia mji walisimamisha ngome tatu. Hajiganj na Sonakanda zilitazamana kuvuka mto Shitalakshya. Ya tatu, Idrakpur, ilikaa kusini zaidi, mahali panapoitwa Munshiganj leo. Hiyo kwa kawaida huhesabiwa kuwa kazi ya gavana Mir Jumla, mnamo 1660. Miaka michache baadaye, mwaka 1666, mrithi wake Shaista Khan aliiteka Chittagong, na maharamia wakapoteza maficho yao makubwa.

Mgeni anayezitembelea ngome hizi akitoka kuitazama Taj Mahal atavunjika moyo. Hakuna marumaru wala bustani, na ikulu hakuna. Kuta ni nene na fupi, zimetobolewa matundu ya bunduki. Sonakanda na Idrakpur kitu kinachotawala ni jukwaa kubwa la duara lililoinuliwa juu ya ukuta, mizinga ikae pale itazame maji. Ndani hayakuwepo hata majengo ya kudumu ya askari kulala, ndiyo maana wataalamu wengi hudhani kwamba jeshi lilipiga kambi msimu wa mvua tu, mito ilipojaa na adui akaweza kupita. Idrakpur ina jambo jingine la kumchanganya mgeni. Anafika kwenye ngome ya mto, anaangaza huku na huku, mto haupo. Umehama. Ngome imebaki katikati ya mji.

Basi thamani yake iko wapi? Mimi nasema iko katika uhusiano wa vitu vinne: ngome tatu, mito yake, msimu wa mafuriko, na adui mmoja. Ukiitazama Sonakanda peke yake unaona ukuta wa matofali wa kawaida. Ukizitazama zote tatu juu ya ramani ya mito ya wakati ule, unaona akili ya watu waliosoma maji yao vizuri. Bangladesh nayo iliona hivyo. Mwaka 2023 ilizipeleka UNESCO kwenye orodha ya awali kwa pamoja, kama ngome za mji wa mito.

Kutoka huko nachukua swali moja tu, na ndilo nitakalotembea nalo mpaka mwisho wa mhadhara huu. Mtu akikuonyesha ngome iliyo kando ya maji, muulize: maji yalikuwa upande wa nani?

Bengal maji yalikuwa upande wa mvamizi. Ndiyo maana mlinzi alijenga nchi kavu, akaelekeza mizinga mtoni. Kwetu ilikuwa kinyume kabisa.

Turudi katikati ya karne ya 19. Wangoni, ambao safari yao ilianzia kusini ya mbali na kuvuka mto Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba, waligawanyika baada ya kifo chake huko Ufipa. Makundi yao yaliyoshuka upande wetu yaliweka makao katika nchi ya Songea, na kufikia miaka ya 1860 yalikuwa yamejenga dola mbili, Njelu na Mshope. (Wangoni mliomo humu ndani msinikunjie uso. Historia hii ni yetu sote, na nusu ya wanaonisikiliza wana bibi Mngoni.) Jeshi la Wangoni lilikuwa jeshi la miguu: vikosi vya rika, ngao ya ngozi, mkuki mfupi, mwendo wa haraka usiku na shambulio alfajiri. Lilichukua chakula, ng'ombe na watu, hasa vijana, ambao wengi wao walikuzwa wawe Wangoni. Wakati huohuo majahazi ya wafanyabiashara wa Nkhotakota, ng'ambo ya ziwa, yalikuwa yakivusha watumwa kuwaleta ufuko wa mashariki, kisha misafara ikawapeleka Kilwa. Mtu wa ufukweni alikuwa na bunduki ziwani na mkuki mlimani.

Lakini mashambulio ya mara kwa mara, yale yaliyomfanya mtu alale na jicho moja wazi, yalitoka nchi kavu. Kikosi kilichoteremka milima ya Livingstone au kilichopitia mabonde ya Umatengo kilifika ufukweni bila mitumbwi. Hapo ndipo watu wa ziwa walipopata nafasi yao. Walihamia majini.

Mwaka 1875 E. D. Young, baharia Mwingereza, aliizunguka sehemu kubwa ya ziwa kwa Ilala, meli ya kwanza ya mvuke kuelea Nyasa. Upande wa kaskazini mashariki alikuta watu waliofukuzwa katika ardhi yao wakiishi juu ya miamba na katika vijiji vilivyojengwa juu ya nguzo ndani ya maji. Nawaomba mfikirie kazi hiyo. Kukata miti mlimani huku ukihofia kuonekana. Kuivuta mpaka ufukweni. Kuisimika kwenye mchanga chini ya maji, bila chuma, mahali ambapo mawimbi ya msimu wa mwera yanaweza kuvunja mtumbwi. Kutandaza jukwaa, kujenga vibanda, kupandisha watoto na wazee. Asubuhi wanawake wanapiga kasia kwenda kwenye shamba la muhogo au mtama, na mtu mmoja anabaki anaangalia kilima. Akiona vumbi au moshi mahali pasipo na kijiji, anapiga ukelele, na mitumbwi yote inarudi. Hiyo ni ngome. Ina handaki la maji, ina mlinzi, ina utaratibu wa kuingia na kutoka. Kitu pekee isichokuwa nacho ni ukuta, kwa sababu ziwa lilifanya kazi ya ukuta.

Ngome ya namna ya pili iko Liuli na wengi wenu mnaijua. Jiwe la Pomonda liko majini, karibu na ufuko, na lina pango ndani yake. Wazee wa Liuli husimulia kwamba watu walijificha humo wakati wa vita vya Wangoni, na wengine wakajificha tena wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa nje linaonekana kama jiwe lolote la Nyasa, jeusi, limelowa, lina kinyesi cha ndege. Ndiyo uzuri wake. Mizinga ya Idrakpur iliwekwa juu ionekane na adui aogope. Pomonda ilifaa kwa sababu aliyesimama ufukweni hakuweza kujua kuna watu mia au hakuna hata mmoja.

Ukienda kuitembelea, nakushauri usiende moja kwa moja kwenye jiwe. Simama kwanza ufukweni, ugeuzie ziwa mgongo, uangalie milima. Pima kwa macho kikosi kingetokea wapi na kingechukua muda gani kufika ulipo. Kisha angalia umbali wa kutoka mchangani hadi jiweni, na ujiulize mama mwenye mtoto mgongoni angeufunga kwa muda gani kwa mtumbwi. Mtembezaji anayekuingiza pangoni kwa haraka, akakupiga picha, akakutoa, amekuonyesha jiwe. Ngome hajakuonyesha.

Huku juu Mbinga sina haja ya kuwafundisha ninyi. Wamatengo walipobanwa walipanda, wakatumia mapango na majabali ya Litembo, na mwaka 1902 Litembo hiyohiyo ilikuwa uwanja wa mapambano dhidi ya Wajerumani. Wengi wanaosimulia historia ya ngoro, yale mashimo ya kilimo yaliyotandazwa juu ya miteremko yetu, huyaunganisha na msongamano wa watu waliokimbilia milimani, wakalazimika kulisha vinywa vingi kwenye ardhi iliyosimama wima. Kama ni hivyo, basi shamba la ngoro ni sehemu ya ngome kama ghala la chakula lilivyo sehemu ya ngome yoyote. Nitaishia hapo kuhusu Litembo. Inastahili mhadhara wake na msemaji wake, na awe Mmatengo.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapa ndipo penye uchungu.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, ikarekebishwa mwaka 1979. Inaweka mstari katika mwaka 1863. Jengo, ngome, kaburi, handaki, kisima, pango lililochimbwa au mwamba uliochorwa, kama ulifanywa na mkono wa binadamu kabla ya mwaka huo, unalindwa wenyewe bila mtu kuomba. Kilichokuja baada ya hapo hakina ulinzi huo mpaka Waziri akitangaze katika Gazeti la Serikali.

Hesabuni nami. Dola za Wangoni zilisimama miaka ya 1860. Vijiji vya nguzo alivyoviona Young, 1875. Meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilishushwa ziwani 1893. Kituo cha Kijerumani cha Songea, 1897. Mashujaa 67 wa Majimaji walinyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906. Vita ya Sphinxhafen, 1914. Karibu kila kitu ambacho mtu wa ufuko huu angekuonyesha akisema "hii ndiyo historia yetu" kiko upande wa pili wa mstari. Sheria iliyoandikwa kwa kuitazama Kilwa, yenye misikiti na makasri ya karne ya 14, inatufikia Nyasa ikiwa mikono mitupu.

Na kuna kipingamizi cha pili, kibaya zaidi. Maneno "mkono wa binadamu". Pomonda haikuchimbwa na mtu. Hakuna aliyeichora. Walioingia humo walitoka bila kuacha jiwe juu ya jiwe, na wangeacha alama yoyote wangejisaliti. Kwa herufi ya sheria, hilo ni jiwe tu. Sheria inamlinda aliyejenga vibaya kabla ya 1863 kuliko aliyejificha vizuri baada yake.

Simlaumu aliyeiandika. Nchi ilikuwa changa, wataalamu walikuwa wachache, na lazima mstari uwekwe mahali fulani. Lakini tunapopima thamani, tusichanganye kinacholindwa kisheria na kinachostahili kulindwa. Nimewahi kusikia ofisa mmoja akisema mkoa huu hauna malikale za maana ukiondoa Songea mjini. Alikuwa akisoma orodha, na orodha haikuwa na kitu.

Nchi nyingine zimeshapita hapa. Pwani ya Kenya kuna kaya za Wamijikenda. Zilikuwa maskani yenye ulinzi ndani ya misitu minene, njia chache za kuingilia, na msitu wenyewe ukiwa ngome. Watu walianza kuzihama, nyumba zikaoza, kikabaki kivuli cha miti, makaburi, na wazee wenye masharti yao. Mtu wa kuhesabu matofali angesema hakuna kitu pale. Kenya ilianza kuzitangaza kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 kaya kadhaa ziliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Kilichothaminiwa ni msitu pamoja na watu wanaojua kwa nini hauingiwi na viatu.

Mfano wa pili ni wa Ulaya na unatuhusu zaidi. Kuzunguka milima ya Alps, katika nchi sita, kuna maeneo 111 yaliyoingizwa katika orodha hiyohiyo mwaka 2011, na karibu yote yako chini ya maji au chini ya tope. Ni mabaki ya vijiji vya nguzo vya maelfu ya miaka iliyopita. Mtalii akifika anaona ziwa, basi. Chini kuna visiki vya nguzo, mbegu, nyavu, vyungu, mabaki ya chakula, vimehifadhiwa na tope lisilopitisha hewa. Umri wa vijiji vile haufanani na wa vyetu, hilo nakubali kabla hamjaniuliza. Kinachofanana ni kanuni: kutoonekana si sababu ya kukosa thamani.

Na ziwa letu lina tabia ambayo lazima mpimaji aijue. Mwaka 1915 uso wa Nyasa ulishuka kiasi kwamba maji yaliacha kutoka kwenda mto Shire, na mtiririko wake haukurudi sawasawa hadi karibu miaka 20 baadaye. Kisha ziwa likapanda. Kati ya 1915 na 1980 liliinuka zaidi ya mita sita. Mita sita za kwenda juu, kwenye ufuko wa mteremko mdogo, ni mamia ya hatua za kwenda ndani. Kwa hiyo ufuko alioutazama Young kutoka juu ya Ilala si ufuko tunaokaangia usipa leo. Bengal mto uliiacha ngome ikabaki mjini. Nyasa ziwa limezivua ngome zetu nguo na kuzifunika tena, pengine zaidi ya mara moja. Mti unaozama moja kwa moja kwenye tope unaweza kudumu sana. Mti unaoloweshwa na kukaushwa, ukaloweshwa tena, huoza. Maana yake mabaki, kama yapo, tuyatafute kwenye kina na tope la kudumu, kwenye vighuba vilivyotulia, wala si pale watoto wanapoogelea.

Nimeitaja Sphinxhafen, na nikipita bila kuisimulia hamtanisamehe, kwa sababu ndicho kisa cha ufuko huu kinachojulikana zaidi nje.

Wajerumani waliona katika mwamba wa Liuli sura ya yule simba wa mawe wa Misri, wakaiita bandari Sphinxhafen. Meli yao, Hermann von Wissmann, ilinunuliwa kwa fedha zilizochangwa Ujerumani kwa jina la kupiga vita utumwa, ikaletwa vipande vipande kwa njia ya Zambezi na Shire, ikaunganishwa na kushushwa ziwani. Vita ilipotangazwa Agosti 1914, meli ilikuwa nchi kavu, juu ya reli za kutengenezea, chini imefunguliwa. Nahodha wake Berndt hakuwa na habari kwamba kuna vita. Upande wa pili Kamanda Rhoades wa meli ya Kiingereza Gwendolen alikuwa ameipata. Walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Tarehe 13 Agosti Gwendolen ilifika Liuli ikaanza kupiga mzinga, risasi nyingi zikakosa, hatimaye moja ikapata. Berndt akarukia mashua akapiga kasia kwenda kumfuata rafiki yake, akiuliza kwa hasira kama amelewa. Akaambiwa kuna vita, na kwamba yeye ni mateka. Magazeti ya London yakatangaza ushindi wa majini. Wajerumani walipoanza kuitengeneza meli upya, Waingereza walirudi tarehe 30 Mei 1915, wakateremsha askari na kuilipua. Baada ya vita waliielesha tena kwa jina la mfalme wao.

Kisa kitamu. Kila mwandishi wa safari anayefika Nyasa anakiandika. Lakini hebu nikipime kwa swali letu: maji yalikuwa upande wa nani? Yalikuwa upande wa mwenye taarifa ya simu ya waya. Ni historia ya mawasiliano ya wakoloni wawili, iliyotokea kwenye ardhi ya watu ambao hakuna aliyeandika walikuwa wapi asubuhi ile. Tunaambiwa walikimbilia Pomonda. Kama ndivyo, basi tarehe 13 Agosti 1914 Liuli ilikuwa na ngome mbili: gati la Kijerumani, lenye chuma na bendera, lililoshindwa, na jiwe jeusi lililofanya kazi yake ileile kama zamani. Mimi nikipewa fedha za kulinda kimoja, sitafikiri mara mbili.

Najua hoja ya upande mwingine, na ina nguvu. Mgeni hulipia kisa anachokijua. Jengo la mkoloni hupata mfadhili upesi. Boma la Mikindani, la mwaka 1895, lilikarabatiwa likawa hoteli. Mikindani iko mwanzo wa ushoroba wa Mtwara, ule unaoishia Mbamba Bay. Kilomita 66 kutoka hapa Mbinga hadi ziwani sasa ni lami. Bandari mpya inajengwa Mbamba Bay. Nyasa, iliyotoka Mbinga ikawa wilaya yake mwaka 2012, inataka wageni, na ina haki ya kuwataka. Mtu atasema: wape meli ya Wissmann kwanza, wakishafika wataona na Pomonda.

Jibu langu ni kwamba meli haidhuriki tena. Ilishaondoka, na kisa chake kiko vitabuni London na Berlin, hakipotei hata tukilala. Kinachoweza kupotea ni tope. Kazi za bandari huchimba na kuhamisha tope. Hoteli ya ufukweni humwaga zege na mawe. Hata gati dogo la wavuvi hubadilisha mkondo wa mchanga. Sipingi bandari. Mimi nimekwama barabara ya zamani ya kushuka Mbamba Bay masika, sina hamu nayo. Ninachodai ni kwamba tathmini ya athari kwa mazingira, inayotakiwa kabla ya miradi ya namna hii, ihoji pia kilicho chini ya maji na kinachokumbukwa na wazee wa kijiji jirani, isiishie kwenye samaki na vyoo.

Tuna vyombo mkononi kabla Waziri hajatia saini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Haikuandikwa kwa ajili ya malikale, lakini mita 60 za ufuko wa Liuli ukizisimamia sawasawa umelinda mandhari yote ya Pomonda upande wa nchi kavu. Kijiji nacho, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kinaweza kutenga eneo katika mpango wake wa matumizi ya ardhi, mkutano mkuu wa kijiji ukapitisha. Hayo hayahitaji mtu kwenda Dodoma. Halafu, kwa mlolongo wa kawaida, halmashauri iombe tangazo la Gazeti la Serikali. Na ombi hilo, nasisitiza, liandikwe kwa ajili ya mahali, siyo kwa ajili ya jiwe: ufuko, maji yaliyo katikati, jiwe lenyewe na mstari wa kuona mpaka milimani. Sheria inamruhusu Waziri kutangaza mahali penye umuhimu wa kihistoria hata kama hapajajengwa kitu. Tukiomba jiwe peke yake tutapewa jiwe, na mwekezaji atajenga baa mbele yake.

Nami nisiwadanganye kwamba kila pango ni urithi wa taifa. Nimeonyeshwa mapango mengi katika mkoa huu, na kila moja lina kisa cha Wangoni. Mpimaji mzuri ana ukali. Anauliza kama masimulizi ya wazee wawili wasiokaa kijiji kimoja yanakubaliana. Anauliza kama mahali pangeweza kufanya kazi inayosemwa, pana maji ya kunywa, panaingia watu wangapi, adui angeona nini. Anatafuta vigae, majivu, mifupa ya samaki. Pasipo na hayo, paitwe pango zuri na tuendelee na safari.

Namalizia kwa walimu, kwa sababu ya mwalimu mmoja. Vile vijiji vya nguzo vya Alps viligunduliwa hivi. Majira ya baridi ya 1853 kuingia 1854 maji ya ziwa Zürich yalishuka mno, na huko Obermeilen watu wakashuka kwenye tope kujenga kuta na kuongeza viwanja. Wakakuta visiki vilivyosimama wima na vyombo vya mawe. Mwalimu wa shule ya kijiji, Johannes Aeppli, ndiye aliyepeleka habari Zürich kwa Ferdinand Keller, na kutoka hapo utafiti mzima ukaanza. Wengine pale waliona kuni.

Nyasa litashuka tena, kama lilivyokwisha kushuka. Likishuka, mpeleke wanafunzi wa Liuli, Lundo, Mbamba Bay na Lituhi ufukweni na madaftari. Wakiona kigogo kimesimama kwenye tope, wasiking'oe wala wasikisafishe, na wasikiache juani. Wakifukie tena kwa tope lilelile. Waandike jina la kijiji, tarehe, umbali kutoka mti au mwamba usiohama, na jina la mzee aliyekuwa akisimulia habari za pale, kwa idhini yake. Nakala moja ibaki kwa mtendaji wa kijiji, ya pili iende kwa Afisa Utamaduni wa wilaya, na ya tatu Makumbusho ya Majimaji, Songea.